Mimi Sisemi Mara Mbili

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na ilikuja kututania tu: imelowesha nguo kwenye kamba, ikaenda zake. Dada aliliona wingu tangu asubuhi. "Anua nguo," akaniambia. Nikasema haya. "Anua nguo, nakwambia." Naja, Dada. "Wewe, mimi sisemi mara mbili. Anua nguo!" Mara ya nne alikuwa ameshalishika kapu mwenyewe, yuko uani anaanua huku maji yanamchuruzika shingoni.

Jioni nikamwigiza mezani. Nilianza na kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo, nikainua kidole, nikasema "Mimi sisemi mara mbili" mara tano. Alicheka mpaka akaegemea cherehani, machozi yanamtoka. "We Kasuku we," akasema, "utaniua siku moja." Ananiita hivyo tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Mama alipofariki, Dada ndiye aliyeacha shule akakaa kwenye cherehani ili mimi nisome, na sijapata namna nzuri ya kumshukuru zaidi ya kumwigiza mpaka acheke.

Machi 5

Kazini redioni, tangazo la sabuni. Nimelirudia hadi ulimi unatoa povu.

Machi 11

Mkuu wa vipindi aliniita ofisini kwake. Alikuwa na mgeni kutoka kampeni ya Mheshimiwa, meya wetu, anayegombea tena mwishoni mwa mwezi wa tano. Kijana nadhifu, miwani ya fremu nyekundu, nimeshambatiza Miwani. Anataka kichekesho kifupi kila asubuhi, kabla tu ya taarifa ya habari.

"Cha kumsifu Mheshimiwa?" nikauliza.

"Hapana! Nani atacheka? Mheshimiwa asitajwe kabisa. Nataka mtu wa kulalamika. Yule ambaye ukimpa chai atasema ya moto, ukiipoza atasema ya baridi."

Mkuu akaniambia nijaribu sauti. Nikafungua mdomo bila kufikiri, na aliyetoka ni Dada: kikohozi, kidole, "Mimi sisemi mara mbili." Nikamfanya bibi anayeona mafuriko kila mahali. Analala na boya. Anakwenda sokoni na mwavuli, jua linawaka. Chai ikimwagika mezani anapanda juu ya kiti, anaita majirani wahame. Mkuu alicheka akapiga meza. Miwani hakucheka sana. Alinitazama kama fundi anayepima mbao, akasema, "Bi Mafuriko. Ndiye huyo."

Watu wakimpenda, kipindi cha asubuhi kitakuwa changu, kwa jina langu. Nimekingoja miaka. Nimerudi nyumbani naimba.

Machi 12

Humu nimo peke yangu, kwa hiyo niseme. Nilijua kwa nini mafuriko. Dada ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja, mtaro. Shemeji wa Mheshimiwa amejenga ghala juu ya mtaro mkubwa pale kwenye kona, na mdomo wa mtaro ameuziba kwa zege. Dada anasema mvua zikikolea, maji hayatakuwa na pa kwenda ila kwenye nyumba zetu za chini. Ameshakwenda manispaa mpaka walinzi wamechoka kumuuliza anakwenda wapi. Nilikuwa nayajua haya yote nilipofungua mdomo. Nikajiambia ni utani tu, na tena utani wa nyumbani.

Machi 17

Bi Mafuriko kaingia hewani! Dada aliweka redio kwenye meza ya cherehani, akaita majirani. Fundi Saa alikuwepo, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha, mzee mjane anayetengeneza saa za watu kwenye chumba chake na kucheka kuliko mtaa mzima. Sauti ilipotoka tu, Dada akajishika mdomo. "Mimi huyo! Jamani, mimi kabisa!" Fundi Saa alikohoa, alifuta macho, akasema nimpe taarifa siku Bi Mafuriko akitafuta mume, maana yeye ana mtumbwi.

Dada alicheka. Naliandika hili kwa makusudi, maana najijua: iko siku nitataka kujitetea nalo.

Machi 20

Mvua usiku. Maji yamesimama mbele ya mlango, yamefika kwenye kidole gumba cha mguu.

Machi 27

Nimepewa kipindi. Jina langu linasomwa redioni kila asubuhi, na muuza magazeti ananisalimu kwa kikohozi cha Dada. Kila mtu anasema "Mimi sisemi mara mbili." Kondakta anamwambia abiria. Daktari kamwambia mgonjwa. Mheshimiwa mwenyewe, sikumsikia ila nimeambiwa, alisema hivyo kwenye ufunguzi wa zahanati, watu wakaanguka.

Jioni Dada karudi kutoka kikao cha manispaa, kavua viatu, kakaa. Nikamuuliza vipi mtaro.

"Sikufika kwenye mtaro," akasema. "Nilisimama, nikasafisha koo. Basi. Ukumbi mzima ukacheka. Nikasubiri waishe, nikasema, waheshimiwa, nisikilizeni. Wakacheka tena. Katibu wao alicheka mpaka akatoka nje."

Alitabasamu kidogo alipokuwa ananieleza, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu na bado anatafuta namna ya kulifanya liwe jambo dogo. Nikamwambia watu wanampenda. Nilisema hivyo, mimi mwenye akili zangu.

Aprili 2

Jana Miwani alikuja studio na kichekesho cha leo: Bi Mafuriko anapima bahari kwa kijiko. Nikamwambia labda tubadilishe, tumpe Bi Mafuriko shida nyingine, nzige, tetemeko, chochote. Akavua miwani, akaifuta.

"Unajua kwa nini sikukuomba umtukane mtu? Ukimtukana mtu, wenzake wanamzunguka. Ukimpiga, anapata huruma. Lakini ukimfanya kichekesho hakuna anayesogea karibu naye, maana kila mtu anaogopa kuchekwa yeye. Na akikasirika ndiyo vizuri zaidi. Tunamuuliza, vipi mama, hujui utani?"

Aliyasema haya kwa upole kabisa, kama anayenifundisha kupika. Nikauliza, basi unamjua huyo mtu ni nani? Akavaa miwani. "Wewe ndiye uliyemleta," akasema.

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi nilisoma kijiko cha bahari, na nilikisoma vizuri.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua. Ukuta wa uani umeota ukungu wa kijani. Dada ameinua cherehani juu ya matofali.

Aprili 9

"Kasuku," Dada kaniambia akiwa ananikatia suruali, hata hakuinua macho. "Mpumzishe kidogo yule bibi. Mpaka mvua zipite."

"Ni utani tu, Dada."

"Najua ni utani. Mimi si ndiye niliyecheka wa kwanza? Lakini wale kina mama wa kamati hawaji tena. Wanaona haya kusimama na mimi. Jana nimekwenda kwenye ghala peke yangu. Vibarua wameniona kwa mbali, wamevua mashati, wanajifanya wanaogelea kwenye mchanga." Akauma uzi akaukata. "Mpaka mvua zipite tu. Sikuombi mara mbili."

Kweli hakuomba mara mbili. Nilipaswa kushtuka palepale. Nilisema ndiyo, Dada. Jioni Mkuu akanipigia, akasema wadhamini wamefurahi mno, na Ijumaa ijayo nimealikwa kwenye chakula cha mchana cha Mheshimiwa nikamwigize Bi Mafuriko mbele yake. Nikasema ndiyo, Mkuu.

Aprili 17

Nimejaribu kuandika hili tangu asubuhi. Nitaliandika lilivyokuwa.

Jana mvua ilianza kabla ya jua kuchomoza na haikupumua. Nikavaa viatu vya plastiki, viatu vya mwaliko nikavitia kwenye mfuko. Dada alikuwa amesimama kizingitini anaangalia maji. Hakuniambia nisiende. Chakula kilikuwa kwenye hoteli ya juu mlimani, zulia jekundu, vyeo vimejaa. Nilipanda jukwaani, nikakohoa tu, ukumbi ukalipuka. Mheshimiwa alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Alinipa mkono akasema nimeulinda mji dhidi ya watu wa huzuni.

Jioni Miwani akajitolea kunirudisha kwa gari lake. Barabara ilikuwa mto wa matope. Akawasha redio, redio yetu, zamu ya jioni ya yule mtangazaji tunayemwita Bonge, na sauti ikatoka:

"Nisikilizeni jamani, mimi sisemi mara mbili. Maji yanakuja. Yameshapita kizingiti. Watu wa nyumba za chini tokeni, pandeni shuleni. Tokeni sasa hivi. Wabebeni wazee. Maji yanakuja, nawaambia!"

Na nyuma yake kile kicheko cha mashine tunachokiweka studio, hahaha ya watu mia ambao hawajawahi kuwepo.

"Kali hii!" Miwani akasema, anagonga usukani. "Umeirekodi lini?"

Ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko zote. Kwa pumzi mbili tatu hivi, nilidhani ni mimi. Nilikuwa najiuliza ni lini nimeirekodi. Hata nilitabasamu, maana ilikuwa nzuri, ilikuwa na hofu ya kweli ndani. Halafu nikasikia nyuma ya sauti cherehani ikianguka kwenye maji. Nikajua.

Dada alikuwa amepiga simu studio. Bonge aliiona namba ya nyumbani kwetu, akasikia kikohozi, akadhani ni mimi nafanya vituko, akamrusha hewani moja kwa moja na kumwekea kicheko. Alidhani ananisaidia. Mji mzima ulisikia onyo la Dada, na mji mzima ukacheka.

Nilimwambia Miwani aongeze mwendo. Akasema barabara haipitiki, nisubiri ipungue. Nikafungua mlango nikashuka. Nilifika chini nikivuka maji yaliyonifika kiunoni. Watu walikuwa wamepanda mapaa na viti, wengine ndiyo kwanza wanatoka, wamebeba watoto mabegani. Dada alikuwa ameshapita mlango kwa mlango. Baadhi walimfungulia. Wengine walimjibu kwa kikohozi.

Fundi Saa hakutoka. Dada aligonga dirisha lake akimpigia kelele, na yeye alikuwa ndani, kitanda juu ya matofali, redio mkononi. Alifungua dirisha kidogo. "Dada," akamwambia, "mko wangapi leo? Mmoja redioni, mmoja dirishani! Kasuku katisha!" Akacheka, akafunga dirisha ili mvua isiloweshe saa za watu. Dada akaligonga tena na tena. Halafu mtoto wa jirani akalia upande wa pili, Dada akaenda kumchukua, na aliporudi ukuta wa chumba cha Fundi Saa ulikuwa umelala majini.

Tulimpata leo asubuhi. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na saa ya mteja, imefungwa vizuri kwenye plastiki.

Aprili 18

Tumemzika. Dada alifua kanzu ya marehemu yeye mwenyewe, akaipiga pasi. Hakunitupia neno baya hata moja. Laiti angenipiga kofi.

Aprili 21

Leo niliingia hewani na sauti yangu. Sikukohoa. Nilisema mimi ndiye Bi Mafuriko, kwamba sauti ile niliiiba kwa dada yangu, kwamba kichekesho kililetwa na watu wa kampeni ili mtu anayesema juu ya mtaro asisikilizwe, kwamba mtu amekufa, na kwamba naomba radhi. Nililia. Sikupanga kulia.

Simu zikaanza kuita. Wa kwanza akasema, "Dada mtangazaji, leo umevunja rekodi! Kilio kile nilikuwa naendesha gari, ilibidi nisimame nicheke." Wa pili akauliza mafuriko yatakwisha lini maana mkewe amenunua boya. Wa tatu akakohoa tu, akakata. Nikawaambia sitanii. Nilivyozidi kusema sitanii, ndivyo Mkuu nyuma ya kioo alivyozidi kuniinulia dole gumba, mpaka ujumbe ukamfika kutoka kwa Miwani. Hapo akazima kipaza sauti na kuweka muziki.

Jioni kwenye kona wanaiga jinsi nilivyolia.

Aprili 24

Sina kipindi tena. Si neno. Lakini Bi Mafuriko anacho. Wameleta mwigizaji mwingine, mwanamume, anakohoa kama mbuzi. Leo Bi Mafuriko alisherehekea: hatimaye maji yamekuja, bibi kapata alichokitaka, kapika keki. Nilikuwa naosha vyombo. Dada alinyoosha mkono, akaizima redio, akaendelea kupachika kifungo.

Mnyama niliyemlea sasa analishwa na wengine, na siwezi kumwita arudi.

Aprili 27

Nimejaribu kisasi. Nimemwigiza Mheshimiwa pale sokoni, juu ya kreti, tumbo mbele, kitambaa cha meza machoni. Watu walikufa kwa kicheko, nikarudi kifua mbele. Halafu mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Mmetufurahisha nyote wawili. Wewe na redio, nani kashinda?" Hakuna aliyetaja mtaro. Kwao tulikuwa wachekeshaji wawili kwenye jukwaa moja, na ghala limesimama palepale.

Mwalimu mmoja aliye kwenye kamati ya mtaa yeye amebandika karatasi za maelezo kwenye nguzo, upana wa mtaro, kina cha maji, kila kitu. Kufikia mchana kila karatasi ilikuwa imechorwa boya.

Aprili 29

Mvua kidogo. Watu wa hali ya hewa wamesema kubwa zaidi inakuja katikati ya mwezi ujao.

Mei 4

Leo Mheshimiwa kaja kutupa pole, hatua chache tu kutoka mahali palipokuwa chumba cha Fundi Saa. Kaja na magodoro na spika. Dada alikwenda kusimama mbele, nami nyuma yake. Alipoinua mkono aulize, Mheshimiwa akatabasamu kwa spika: "Mama, karibu, lakini usiseme mara mbili!" Kicheko. Hata waliopewa godoro, hata mama ambaye Dada alimbebea mtoto, walicheka. Nilimwona akicheka huku anamtazama Dada kwa haya, mdomo unacheka na macho yanaomba msamaha.

Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka Miwani: akikasirika ndiyo vizuri zaidi. Na kweli yule pale, kando ya gari, miwani nyekundu, anasubiri kelele zangu.

Karibu yangu alisimama kinyozi wa mtaani, bado anacheka. Nikamuuliza kawaida kabisa, kama naulizia saa, "Kaka, samahani. Hebu nielezee. Kinachochekesha ni nini?"

"Si huyo Bi Mafuriko."

"Ndiyo. Anafanyaje?"

"Si wewe ndiye uliyemtunga, dada!"

"Nimesahau. Nieleze."

Akakuna kichwa. "Anasema maji yanakuja."

"Na yalikuja?"

Akashusha mkono. "Yalikuja."

"Haya. Endelea. Sehemu ya kuchekesha bado."

Watu wawili waliokuwa karibu wakaacha kucheka, wakangoja kinyozi aseme sehemu ya kuchekesha, na kinyozi hakuwa nayo. Sikumbishia, sikumtukana, sikulia. Nilimsubiri tu. Sijui nilichokifanya, lakini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nimeona kicheko kikifa kinywani mwa mtu bila mwenyewe kukasirika. Alisema taratibu, "Yule mzee alinitengenezea saa."

Kwenye spika Mheshimiwa alikuwa ameshahamia kwenye magodoro.

Mei 5

Nimekwenda kwa kinyozi. Wateja watano. Mmoja akakohoa. Kinyozi akashusha mashine, akamuuliza kabla yangu: "Hebu tuelezee, kinachochekesha ni nini?"

Mei 6

Kituo cha basi. Foleni ya gesi. Hospitali, benchi la kusubiria. Nauliza kwa upole. Wengine wananiambia sijui utani. Nawaambia najua, ni kazi yangu, ndiyo maana nauliza. Halafu nauliza la pili: huyu bibi akinyamaza, nani anafaidika? Hapo wenyewe wanalitaja ghala. Nikilitaja mimi wanacheka; wakilitaja wao wanakasirika.

Mei 8

Mvua. Kina mama wawili wa kamati wamerudi. Walikaa na Dada, hawakusema lolote juu ya kuondoka kwao. Dada aliwapa chai.

Mei 10

Leo aliyekuja na kichekesho ni Miwani mwenyewe. Alinikuta benchi la kituoni. "Naona umepata kazi mpya," akasema. "Muuaji wa vicheko."

Nikamuuliza: "Hebu nieleze wewe. Kinachochekesha ni nini?"

Akacheka, akatazama watu waliokuwa wamekaa. Hakuna aliyemchekea. Walikuwa wanamsubiri ajibu. Alivua miwani akaifuta, na nilimwona jinsi macho yake yalivyo madogo. "Wewe ndiye uliyemleta," akaniambia tena, lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi." Akaivaa miwani, akaondoka. Lakini kuondoka kwake hakukunipa furaha niliyoitarajia, maana alichosema ni kweli tupu.

Mei 13

Redioni yule mbuzi wa kiume kakohoa, na mtangazaji mwenzake hakucheka. Kimya cha redio ni kitu kizito. Wakaweka tangazo la sabuni. Sauti yangu.

Mei 15

Tumekwenda manispaa. Safari hii si Dada peke yake, ukumbi umejaa, kinyozi kavaa tai. Dada alisimama. Akasafisha koo. Nikafumba macho.

Hakuna aliyecheka. Yule katibu mdomo wake ulianza kupanuka, akajikuta peke yake, akaufunga.

Dada alisema maneno machache. Mtaro umezibwa, mtu amekufa, mvua kubwa iko njiani, fungueni. Akakaa. Nilimwona mkurugenzi wa manispaa akisubiri, kalamu juu, akidhani bado anaendelea.

Mei 18

Mashine ya manispaa imekuja! Wamevunja kona nzima ya ghala. Watu wa mtaa wamesimama mvuani kuangalia zege likipasuka. Maji yalivyoshuka mtaroni yalitoa sauti kama koo kubwa linalomeza. Watoto walishangilia. Kinyozi alinishika bega akasema nimeokoa mtaa. Nilimwondoa mkono, kwa upole. Nilikwenda nikakaa mahali palipokuwa dirisha la Fundi Saa.

Mei 21

Ile mvua kubwa imenyesha siku nzima. Mlangoni hakukufika hata tone.

Mei 26

Matokeo. Mheshimiwa kashinda, kwa pengo dogo, lakini kashinda. Kwenye hotuba yake hakutania hata kidogo. Mkuu wa vipindi amenipigia, eti nirudi, watu wamenikumbuka, tutafute mhusika mpya. Nikamwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Mei 30

Mvua zinaaga. Leo jua limetoka mchana, Dada katoa cherehani uani ikauke, kaipaka mafuta. Nilikaa karibu yake nikimpitishia uzi kwenye sindano, maana macho yake siku hizi yanachoka.

"Dada," nikasema, "hujanigombeza."

"Nikugombeze kwa nini tena?"

"Unajua kwa nini."

Akasukuma gurudumu, likazunguka vizuri. "Nilicheka na mimi," akasema. "Siku ile ya kwanza. Fundi alikaa pale, mimi nimekaa hapa, tukacheka wote." Basi, hakuongeza.

Nilitaka aongeze. Nilitaka aniambie nimefanya nini, halafu arudie, halafu ainue kidole, aseme yeye hasemi mara mbili, halafu aseme mara nne, nami nikae nisikilize mpaka mwisho kama mtu mwenye adabu. Mwezi mzima sasa nimekuwa namsikiliza, na nimegundua kitu ambacho sithubutu kumuuliza. Kikohozi hakipo. Kile cha manispaa ndicho nilichokisikia mwisho. Anaita mtu mara moja. Anaomba chumvi mara moja. Yale maneno yake hayasemi tena, na mtaani nao wameyaacha kwa heshima yake. Anayeweza kuyasema vilevile, kwa sauti ileile, nimebaki mimi, na mimi siwezi kufungua mdomo.

Saa kumi upepo ukageuka. Wingu moja dogo likatokea nyuma ya paa la shule, pengine la mwisho la msimu. Dada akaliangalia.

"Anua nguo," akasema.

Nikasimama, nikalishika kapu, nikangoja.

Alikuwa ameshainamia cherehani. Nikaenda kuanua.